Mateka wa Bi Hilda

Mama yangu ana magoti mabovu. Akitaka kuketi kwenye mkeka tunamshusha watu wawili, na kumwinua ni shughuli nyingine. Lakini siku tuliyomzika Bi Hilda kule Lulindi, mama huyo huyo alitandika kanga yake katikati ya njia iendayo kanisani, akajilaza chali, akakunja mikono kifuani na kufumba macho. Jeneza lilikuwa limeshatoka nyumbani. Wabebaji wakasimama. Padri akasimama. Wakwe waliotoka Dar es Salaam wakaanza kuulizana kama yule mama amezimia, mbona hakuna anayemletea maji, na mbona wenyeji wanacheka.

"Hapiti mtu," mama akasema bila kufumbua macho. "Huyu ni mateka wetu. Mkomboeni."

Nilikuwa nimelia njia nzima kutoka Masasi, kope zimevimba, na bado nilicheka. Sasa nimwache mama hapo alipolala, hana haraka, niwaeleze kwa nini jeneza la mtu mwenye wanawe na wajukuu lilizuiwa na mwanamke wa Kimakonde kutoka Kitangari.

Nyie mliokulia huku kwetu mnaujua utani. Mmakua na Mmakonde ni watani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya mkweo, kukaa kwenye kiti chako na kula kabla hujamkaribisha, na wewe huna ruhusa ya kununa. Msibani ndiyo usiseme. Na akikamata kitu chako, hukipati mpaka ukikomboe kwa chochote utakachojaliwa. Basi mimi nililelewa na utani huo karibu misimu mitatu ya korosho, na misimu hiyo yote sikujua kwamba ni utani. Nilidhani nimetekwa kweli.

Mama alishuka Masasi kutafuta kazi ya kubangua korosho. Baba alikuwa Nachingwea kwa shughuli zake, na shughuli zake hazikuwahi kwisha. Nakumbuka banda la kubangulia kwa pua kabla ya macho: maganda yaliyoungua, jasho, majivu. Wanawake walipaka majivu vidoleni maana mafuta ya ganda la korosho yanaunguza, na hata hivyo kucha zao zilikuwa nyeusi mwaka mzima. Mimi kwanza nilikuwa mgongoni kwa mama, kisha nikawa chini ya benchi. Siku moja tone la mafuta likaniangukia juu ya kifundo cha mguu. Kovu ninalo mpaka leo. Nililia mpaka banda zima likaacha kazi, na msimamizi akamwambia mama hataki kumwona tena mtoto pale ndani. Sikumpenda msimamizi huyo, lakini leo na mimi ningesema vilevile.

Mama angefanya nini? Kunirudisha Kitangari kwa bibi? Bibi alikuwa akiamka kutafuta maji, na akirudi na ndoo yake moja jua limeshapinda. Kunifungia chumbani? Wapo waliofanya hivyo, na siwahukumu, wao wenyewe walikuwa wakilia njiani. Ndipo Mama Tatu, aliyekaa naye benchi moja, akamwambia: "Nenda mtaa wa Mkomaindo kwa Mama Edwini. Ila jiandae, mdomo wake hauna mlango."

Watu wazima walimwita Mama Edwini, kwa jina la mwanawe aliyekuwa mwalimu Lulindi. Sisi watoto tulimwita Bi Hilda. Alikuwa mjane wa Kimakua, mnene, mguu wake wa kushoto unauma kila mawingu yakitanda, na alikuwa na ua mpana wenye mkorosho mmoja mkubwa na mikeka chini yake. Tulifika asubuhi. Mama akapiga magoti, akasalimia, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Hiyo sauti ya wapi? Sema tena."

"Nimetoka Kitangari, mama."

"Mmakonde!" Bi Hilda akapiga makofi. "Yesu wangu, mtoto wa mlimani huyu! Mlete haraka kabla hujamkausha kwa kiu. Kwenu si mnaoga umande nyie? Tatu, lete beseni, huyu leo akaonje maji."

Na kweli akanivua nguo palepale, akaniogesha mbele ya watoto wote. Nikamtazama mama aje aniokoe. Mama alikuwa amejishika tumbo kwa kicheko. "Muogeshe tu," alisema, "lakini usimle. Wamakua wa Lulindi nawajua, njaa yenu mnaiita mfungo." Halafu akaenda kazini.

Jaribuni kuwa na miaka mitano halafu mama yenu aseme hivyo aondoke.

Siku ile sikunywa uji wake. Ulikuwa uji wa mtama wenye karanga za kutwanga, unanukia mpaka barabarani, na nilijikaza kwelikweli. Tatu, binti wa Mama Tatu, aliyekuwa na meno mawili tu ya mbele na uzoefu mkubwa wa pale, akaninywea kikombe changu. Jioni nikamwona mama anakuja, nikakimbia. Bi Hilda akanidaka mkono.

"Unatafuta nini hapa?" akamwuliza mama.

"Nimefuata mwanangu."

"Mwanao yupi? Mimi hapa nina mateka. Nimemkamata asubuhi kwa mikono yangu. Unamtaka? Komboa."

Mama akafungua pembe ya kanga, akatoa ming'oko miwili aliyonunua njiani, ile mizizi yetu ya porini, bado ya moto. "Nangu mimi sina kingine, mtani. Pokea hiyo."

Bi Hilda akainusa, akaigeuza, akaikuna kwa kucha. "Ya jana hii," akasema. "Lakini mtoto mwenyewe mwembamba. Haya, mchukue."

Nilitembea kwenda nyumbani nimeshika kanga ya mama kwa mikono miwili. Nilijua sasa dunia inavyokwenda: asubuhi mama ananipeleka nakamatwa, mchana anafanya kazi apate cha kunikombolea, jioni ananikomboa. Sikumwuliza kitu. Lililo wazi unaliuliza la nini?

Basi nikaanza kufuatilia bei za wenzangu. Asha alikombolewa kwa samaki mkavu mzima, na kichwa chake. Daudi kwa bakuli la mbaazi. Mimi siku moja nilikombolewa kwa fungu la kisamvu kilichonyauka, nikakaa nimenuna jioni nzima, mama asijue kwa nini. Nikajitahidi nipande thamani. Nilianza kunywa uji vikombe viwili ili ninenepe. Nilifagia ua bila kuambiwa. Bi Hilda akawaambia mama zetu, "Huyu wa mlimani ana bidii, sijui kaitoa wapi," nami nikaona bei yangu imepanda angalau mpaka samaki nusu.

Niliyemwonea wivu hasa alikuwa Tatu. Mama Tatu mara nyingi alikuja mikono mitupu. Alikuwa akisimama pale penye uzio wa mianzi, anafunga kanga kiunoni vizuri, na Bi Hilda anaanza kupiga beseni. Kisha Mama Tatu anacheza! Alikuwa akicheza kwa mabega, kwa kiuno, vumbi linatimka, huku akimtukana Bi Hilda kwa mashairi ya papo hapo, kwamba Mmakua akipewa kuku anakula na kengele ya kanisa. Wanawake wote wanapiga vigelegele, sisi watoto tunarukaruka nyuma yake. Akimaliza, Bi Hilda anafuta machozi ya kicheko na kusema, "Hii hata imezidi, kesho nitakurudishia chenji," na Tatu anakwenda zake. Nilifikiri Tatu ndiye mtoto wa bei ghali kuliko sisi sote. Sisi tulikombolewa kwa vyakula, yeye ilibidi mama yake atoe ngoma nzima. Nilipokua ndipo nilipoelewa kwamba Mama Tatu hakuwa na kitu, hana hata ming'oko, na kwamba pale uani hakuna aliyewahi kumwuliza.

Siwadanganyi, nilikuwa na furaha pale. Tulikuwa tisa, wakati mwingine kumi na mmoja. Tulioga, tulilala mchana kwa safu, mabibo ya mkorosho wetu yakiiva tuliyafyonza mpaka nguo zikawa na madoa yasiyotoka. Bi Hilda alitufundisha kuimba nyimbo za kanisani na sisi Waislamu tukaziimba nyumbani kwa sauti kubwa, na hakuna aliyetuchapa. Alikuwa mkali akishikwa na mguu. Alikuwa na kijiti cha kutishia ambacho sikuwahi kukiona kikimgusa mtu.

Msimu wa pili, korosho zikiwa zimejaa banda, Mwalimu Edwini akaja kumwona mama yake. Alimkuta amebeba ndoo ya maji kichwani, anachechemea, Daudi mgongoni. Hakusema sana. Alisema tu kwamba wiki ijayo atakuja na gari, amchukue mama yake Lulindi apumzike. "Umeshalea wako, mama," nilimsikia. "Hawa wana wenyewe."

Bi Hilda akamshusha Daudi. Akaukanda mguu wake.

Wiki ile mama zetu walizungumza kwa sauti ya chini. Usiku mmoja, nikijifanya nimelala, nilimsikia mama akimwambia Mama Tatu: "Nikikosa pa kumweka Somoe, kazi ndiyo basi. Narudi Kitangari kupanga foleni ya maji." Mama Tatu akasema, "Wewe una Kitangari. Mimi?" Nikajifunika kanga hadi kichwani.

Siku yenyewe pikapu ya kukodi ilikuja alasiri. Mama zetu waliomba ruhusa wakatoka mapema kuja kuaga. Godoro lilipandishwa, sufuria zikapandishwa, lile beseni la ngoma nalo likapandishwa. Likabaki sanduku la bati la nguo, lipo mlangoni, na Bi Hilda amesimama pembeni kavaa gauni lake la kanisani, anatutazama mmoja mmoja bila kututukana. Hilo la kutotukanwa ndilo lililonitisha zaidi.

Nikafanya lile nililolijua. Nilikwenda nikakaa juu ya sanduku.

"Shikamoo Mwalimu," nikasema, maana adabu nilikuwa nayo.

"Marahaba. Shuka, mtoto mzuri."

"Sishuki. Nimemkamata Bi Hilda. Mkomboe."

Mama akaja mbio, uso umemshuka kwa aibu. "Somoe! Toka hapo! Mwalimu, samahani sana, huyu mtoto..."

"Mwache!" Bi Hilda akapiga kelele mpaka dereva akashtuka. Ile sauti yake ilikuwa imerudi. "Asiguswe! Mmakonde kakamata. Edwini, mimi ni mateka." Na papo hapo, na gauni lake la kanisani, akajishusha chini mavumbini, akanyoosha miguu, akashika tama kama mateka wa kweli. Tatu akaja akakaa juu ya sanduku pamoja nami. Asha akafuata. Daudi hakupata nafasi, akakumbatia mguu wa Bi Hilda, ule mzima.

Mwalimu Edwini alikuwa mtu mzito, wa miwani, lakini Mmakua ni Mmakua. Nilimwona anajizuia mdomo usicheke. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa pakiti ya biskuti. Tatu akainuka nusu, nikamvuta akakaa. Akatoa kalamu yake ya mfukoni, nyekundu, ya kusahihishia. Nikatikisa kichwa, ingawa ile kalamu niliitamani, na naitamani mpaka leo.

"Haya mtani," akasema, akachuchumaa tukawa macho kwa macho. "Unataka nini, nimkomboe mama yangu?"

Nilikuwa sijapanga bei. Nilifikiri samaki, nikaona samaki ni wa Asha. Nikaikumbuka ile sauti ya chini ya mama.

"Mama alisema Bi Hilda akiondoka ataacha kazi," nikasema. "Basi tupe mwingine kama yeye. Ukitupa mwingine kama yeye, huyu mchukue."

Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa shati. Akamtazama mama yake pale chini.

"Sina mwingine," akasema.

"Basi bei imekushinda!" Bi Hilda akadakia. "Shusha godoro langu."

"Mama, mguu wako."

"Mguu ni wangu. Lulindi nitakaa na nani mchana, wewe ukiwa shuleni? Nitamtukana nani, mbuzi?"

Ndipo mama yangu akasogea. Alimwambia Mwalimu, kwa heshima, mikono nyuma, kwamba kosa ni lao, walikuwa wanaleta watoto na kuondoka. Kuanzia kesho maji watachota wao kabla ya kwenda bandani, kila siku zamu ya mmoja. Kuni vilevile. Na Mama Tatu, ambaye siku zote alikuwa wa kucheka tu, akasema huku machozi yanamtoka waziwazi, "Mwalimu, mimi sina kitu, ila mikono ninayo. Kila siku nitakayokosa kibarua nitashinda naye hapa. Hatabeba mtoto, hatainua sufuria."

Mwalimu akasimama. Akaenda kwenye pikapu, na godoro akalishusha mwenyewe, dereva anamsaidia huku anacheka. "Mpaka msimu uishe," akasema. "Msimu tu, mama."

"Msimu," akaitika Bi Hilda kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kuuona kabla wala baada. Misimu ilikuja, ikapita, nikaanza shule, nikaimaliza, na bado alikuwa Mkomaindo anakamata watoto wa watu. Lulindi alikwenda uzeeni kabisa, macho yalipokwisha.

Jioni ile mama alitoa ming'oko yake kama kawaida, na Bi Hilda akaikataa. "Leo huyu simkamati," akasema. "Leo mimi ndiye mateka wake." Nikalazimisha apokee. Sikutaka aniache bila kukombolewa, watu wakafikiri nimetolewa bure.

Kwamba ulikuwa utani nilikuja kuambiwa na Tatu tukiwa darasa la tatu, tena kwa kunicheka. Nililia siku ile. Siyo kwa aibu. Nilitaka iwe kweli, kwamba kila jioni nilikuwa nanunuliwa upya na mama yangu, kwa jasho lake, na kwamba hakuwahi kukosa bei.

Haya, turudi Lulindi, magoti ya mama yasije yakaganda pale njiani.

Mimi siku hizi nalea watoto Mkomaindo, katika ua uleule, chini ya mkorosho uleule, Tatu ndiye mwenzangu wa kupika. Asubuhi ile ya msiba nilikuwa nimeshawalisha kumi na wanne kabla ya kumwachia yeye wengine, nikaondoka mbio, na sikuona kwamba uji umenikaukia begani. Watoto wa leo mama zao wanauza mboga, wanafagia ofisi, wanashona, na bado wapo wanaobangua. Wengine wanalipa, wengine wanaleta mkaa. Jana mmoja aliimba.

Mwalimu Edwini sasa ana mvi kichwa kizima. Alitoka mbele ya jeneza, akamwendea mama yangu pale alipolala, akachuchumaa kwa shida kama alivyochuchumaa siku ile.

"Bei gani safari hii, Mama Somoe?"

"Haijapanda," mama akajibu, macho bado yamefumbwa, lakini niliona chozi likimteremka kuelekea sikioni. "Ileile ya mwanangu. Tupeni mwingine kama yeye."

Mwalimu akainua kichwa, akatafuta katika umati mpaka akaniona. Akaniangalia uso, akaangalia bega.

"Hiyo nilishalipa," akasema. "Yule pale, mwenye uji begani."

Mama akafumbua macho. Akageuza kichwa pale chini, akanitazama kuanzia miguuni hadi juu, taratibu, kama Bi Hilda alivyokuwa akiitazama ming'oko.

"Huyu?" akasema. "Mmetupunja. Lakini tunapokea."

Akaninyooshea mkono nimwinue, na jeneza likapita.